Chungu cha Waya

Usinipe sufuria. Maharage ya kwetu
hayapendi kuharakishwa na bati.
Nipe kile kilichofungwa waya, kule juu ya kabati,
nyuma ya chupa ya siki. Taratibu, Tamta, kina sikio moja.

Mwaka ule wa giza, hapa hapa Kutaisi,
umeme ulikuja kama mtu mwenye deni:
unachungulia saa nane usiku, unaondoka bila kuaga.
Tuliishi ghorofa ya nne na jiko la kuni,
baba kalipitishia bomba dirishani,
na moshi, kwa kukosa adabu, ukarudi ndani kukaa nasi.

Jioni moja ya Januari mama alihesabu maharage.
Sikukosea neno. Alihesabu,
mekundu, moja moja, juu ya gazeti,
mpaka kaka yangu Gocha akauliza
kama tunayaandikisha shule.

Harufu haijui kufunga mlango.
Kitunguu kilipogusa mafuta
Nunu wa ghorofa ya tatu akabisha
na konzi la giligilani, akisema amepita tu.
Amepita tu! Na kijiko mfukoni.
Otari, mwalimu wa tarumbeta, akaleta jozi nane
kazifunga kwenye karatasi ya muziki.
Nikapewa mchi, nikazitwanga na uwatu na kitunguu saumu
hadi kinu kikatoa jasho la mafuta.
Eteri, daktari wa meno, hakuwa na chakula.
Alileta mguu wa kiti.
"Cha wagonjwa," akasema, "na wagonjwa hawaji."
Tukautia motoni. Uliwaka vizuri, kwa sababu ya vanishi.

Meza kubwa ilikuwa kwa Eteri, ghorofa ya pili.
Nikalia nikibebe mimi.
Nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha miaka arobaini.
Ngazi ya kumi na mbili naijua hadi leo,
ina pembe iliyolika.

Hakikupiga kelele.
Kilisema "ah," kama mtu aliyekumbuka jambo,
kikanyamaza.

Hakuna aliyenipiga, na hilo ndilo lililoniuma.
Mama alipiga magoti gizani, akanusa,
akasema, "Nusu yamebaki. Leteni mishumaa."
Tukala pale pale ngazini,
chungu kimelala ubavu kama mbwa mchovu,
mkate wa mahindi ukipanda mkono kwa mkono,
kila mtu akitafuna kwa tahadhari,
akitema vigae kama miiba ya samaki.
Kisha taya la Otari likasema ka!
Akatoa kiganjani kipande cha jino la mbele,
akakiangalia kwenye mwanga, akacheka hadi akakohoa.
Eteri akamfunua mdomo kwa kidole chenye mchuzi:
"Njoo Jumatatu. Na uje na mguu wa kiti."

Tangu siku ile tarumbeta yake
ilipofika juu ilivuja upepo mwembamba pembeni,
na jengo zima tulijua upepo ule umetoka wapi.

Kesho yake mama alikizungushia chungu waya wa simu.
Simu yenyewe ilikuwa imekufa tangu Oktoba.

Sasa Nunu yuko Thesaloniki, anawalisha wazee wa watu.
Gocha anaendesha lori Poland, hunipigia simu
akiwa amekula mkate mkavu kando ya barabara,
anauliza, "Umepika nini?" Nikimjibu ananyamaza sana.
Otari tulimzika mwaka juzi, mwezi wa zabibu.
Umeme upo, hauzimiki. Mwanangu, huyu mchumba wako,
ananiambia yapo ya kopo, dakika tatu tu.

Sikiliza. Ile tss ni tone moja,
hupenya kwenye ufa, huanguka juu ya moto.
Limekuwa likianguka hivyo miaka thelathini
na chungu hakijawahi kwisha mchuzi.

Haya, sogeza sahani. Siki ongeza mwenyewe.
Ila tafuna polepole, binti yangu:
kuna kigae kimoja hatukukipata.